Mzee Ove na majirani waliomnyima nafasi ya kufa

Kwanza alipaka mafuta mbao za kaunta ya jikoni. Akasitisha gazeti, akakata simu, akazima mashine ya kahawa na kufunga mabomba yanayopasha nyumba joto. Akatandika nailoni sakafuni ili watu watakaokuja kuuchukua mwili wake wasiikwaruze kwa viatu. Karatasi zote zimo kwenye bahasha: madeni yamelipwa, maziko yamepangwa, na kaburi lipo tayari kando ya la mkewe. Ove ana miaka 59. Ameamua kufa, na kama ilivyo kwa kila kazi aliyowahi kuishika, anataka hii nayo ifanyike sawasawa.

Katikati ya maandalizi hayo ukuta wa nyumba yake unakwaruzwa. Nje kuna familia inayohamia. Baba wa familia anapiga rivasi gari lenye tela, na hajui tela linavyokata kona. Mtaa huo una kibao kinachokataza magari kupita kati ya nyumba, na Ove ndiye mlinzi wa kibao hicho. Anatoka akifoka. Muda si mrefu yeye ndiye aliyeketi kwenye usukani wa gari la wageni, akiliingiza tela mahali pake, maana hawezi kusimama akitazama kazi inaharibiwa. Kifo kitasubiri.

Haya ni ya riwaya ya Kiswidi iitwayo En man som heter Ove, yaani mtu mmoja anayeitwa Ove, iliyoandikwa na Fredrik Backman na kutoka mwaka 2012. Ni kitabu cha kuchekesha kuhusu mjane anayetaka kujiua. Mtu akisikia maelezo hayo tu anaweza kukasirika, na ana haki. Lakini nakitetea kitabu hiki bila kusita, kwa sababu kinasema jambo ambalo vitabu vingi vya faraja hulikosea. Tumaini halimfikii Ove kwa maneno matamu. Linamfikia kama usumbufu: mtu anayebisha hodi wakati mbaya kuliko wote, anayetaka kuazima ngazi.

Kicheko cha msibani

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kwamba kicheko na msiba vinaweza kukaa mkeka mmoja. Kwenye misiba mingi ya Tanzania, mtani wa marehemu huingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake na sauti yake, hudai deni ambalo halijawahi kuwepo. Wazaramo na Wanyamwezi, waliofahamiana tangu enzi za misafara kati ya pwani na bara, wanalijua hilo vizuri. Mtani hamdharau maiti, wala hapunguzi uzito wa kifo. Anachofanya ni kumvuta mfiwa arudi upande wa walio hai: anamlazimisha acheke, ajibu, atie mkono mfukoni.

Backman anafanya kazi hiyohiyo kwa kalamu. Jaribio la kwanza la Ove linaharibika kwa sababu kitu alichonunua dukani ni kibovu, na hasira yake yote inamwendea mtengenezaji: dunia imefika mahali ambapo mtu hawezi hata kununua bidhaa ya kuaminika! Tunacheka, kisha tunaona tulichokicheka. Huyu ni mtu ambaye bado anajali. Aliyekata tamaa kabisa asingekuwa na nguvu za kugombana na ubora wa bidhaa. Hasira ya Ove ni mapigo ya moyo wake, na mwandishi anatufanya tuyasikie kabla Ove mwenyewe hajayasikia.

Tukio linalonikaa zaidi ni la hospitali. Patrick, yule baba wa tela, ameanguka kutoka kwenye ngazi aliyoiazima kwa Ove. Mkewe Parvaneh, mjamzito na mzaliwa wa Iran, hana leseni ya udereva, kwa hiyo Ove anabebeshwa safari ya kuwapeleka hospitali yeye na mabinti zake wawili. Parvaneh anaingia wodini. Ove anabaki na watoto, mmoja wa miaka saba na mwingine wa miaka mitatu. Yule mdogo anataka asomewe kitabu. Ove anasoma, vibaya na kwa kulazimishwa. Mara anatokea mchekeshaji wa watoto aliyepakwa rangi usoni, anaomba sarafu ya kufanyia mazingaombwe. Ove anatoa kroni tano kwa shingo upande. Mazingaombwe yanakwisha, sarafu inarudi, Ove anaikagua: siyo ileile. Parvaneh anaporudi, anamkuta mzee wa watu amekwisha kupigana na mchekeshaji, na binti mdogo hajawahi kufurahi namna hiyo.

Kwa mtu mwingine kroni tano ni kroni tano. Kwa Ove mali ya mtu ni mali ya mtu, na ukiazima kitu unakirudisha kilekile. Kicheko cha ukurasa huo kinatokana na ukaidi wake, na ukaidi huo ndio uadilifu aliorithishwa na baba yake. Kufikia hapo yule binti mdogo amekwisha kuamua kwamba Ove ni wake, na Ove hakuulizwa.

Mtu wa mikono

Mama yake Ove alifariki mapema. Baba yake, mfanyakazi wa reli na mtu wa maneno machache, alikufa katika ajali kazini Ove akiwa na miaka 16. Kijana alikwenda ofisini kurudisha sehemu ya mshahara, kwa kuwa baba alikuwa amelipwa mwezi mzima na hakuumaliza. Mkuu wa ofisi alimtazama, akamwambia azifanyie kazi siku zilizobaki. Ndivyo alivyoajiriwa relini, na baadaye ndiko alikopata kazi ya kusafisha mabehewa usiku. Katika treni ya asubuhi akamwona Sonja.

Sonja alipenda vitabu, watu na kicheko. Ove alipenda bisibisi, ratiba na injini. Kwa miezi alipanda treni isiyoelekea kwake, ili tu akae karibu naye. Wakaoana. Katika safari ya Hispania basi lao lilipata ajali. Mtoto aliyekuwa tumboni akafa, na Sonja hakutembea tena. Ove aliandika barua kwa kila aliyedhani anahusika, kwa serikali na kwa kampuni ya basi, na hakuna aliyekubali kubeba lawama. Sonja alipopata kazi ya ualimu, shule haikuwa na njia ya kiti cha magurudumu, na wenye mamlaka wakaleta visingizio. Ove akaijenga njia hiyo kwa mikono yake.

Hapo unaielewa lugha yake ya mapenzi. Hajui kusema "pole". Anajua kushusha kaunta ya jikoni ili mwanamke aliyeketi aifikie. Sonja anapokufa kwa saratani, na baadaye Ove naye anaambiwa kazini apumzike, anapoteza vyote viwili kwa pamoja: mtu wa kumtengenezea na kitu cha kutengeneza. Miezi sita baada ya maziko ndipo tunapomkuta na nailoni yake sakafuni.

Backman ameiweka huzuni hii ndani ya historia ya nchi yake kwa njia ya magari. Ove ni mtu wa Saab, maisha yake yote. Jirani yake wa miaka mingi, Rune, ni mtu wa Volvo. Walianzisha pamoja umoja wa wakazi wa mtaa, wakagombana, wakapinduana madarakani, na urafiki ukavunjika kabisa siku Rune aliponunua BMW. Inachekesha, lakini kwa Mswidi wa rika hilo chuma hicho kilikuwa utambulisho. Kampuni ya magari ya Saab, ya mji wa Trollhättan, iliomba kufilisiwa Desemba 2011, miezi michache tu kabla riwaya haijatoka. Wanaoyajua malori ya Scania yanayopanda Kitonga wanaufahamu ukoo huo bila kujua: Saab na Scania zilikuwa kampuni moja tangu 1969 hadi katikati ya miaka ya 1990. Kiwanda kinachokufa na mwanamume anayeambiwa hahitajiki tena ni habari moja iliyosimuliwa mara mbili.

Hodi isiyokoma

Kuanzia hapo riwaya inakwenda kwa mwendo mmoja ambao mwandishi haachi kuutumia: Ove anapanga, mtu anabisha hodi. Parvaneh analeta bakuli la wali wa zafarani na kuku. Anita, mke wa Rune, ana mabomba ya joto yaliyogoma. Mvulana Adrian ana baiskeli ya kutengeneza, na tunakuja kujua kwamba Sonja alikuwa mwalimu wake. Mirsad amefukuzwa nyumbani na baba yake kwa kuwa ni shoga, na anahitaji pa kulala. Paka asiye na manyoya ya kutosha anakutwa kwenye theluji akiwa karibu kuganda, na jirani mnene Jimmy anampasha joto kwa mwili wake mwenyewe hadi ngozi yake inavimba kwa mzio.

Kila mara Ove ananung'unika kwamba watu wa siku hizi hawajui kufanya lolote. Kila mara anachukua sanduku la zana. Na kila mara anakwenda kaburini kumwomba Sonja radhi kwa kuchelewa: si leo, kuna kazi. Sijui kitabu kingine kinachoonyesha kwa uwazi namna hii jinsi maisha yanavyoweza kurudi kwa mtu kupitia vitu vidogo visivyo na maana kubwa. Hakuna anayemshawishi Ove kwamba dunia ni nzuri. Wanamwonyesha bomba linalovuja.

Kitovu cha haya yote ni Parvaneh. Amepewa kipaji ambacho ni adimu: haogopi kukataliwa. Mlango ukifungwa anabisha tena. Anaposhindwa kujifunza udereva na kuanza kulia katikati ya barabara huku gari la nyuma likipiga honi, Ove anashuka, anamkomesha dereva wa nyuma, kisha anamgeukia na kumkumbusha kwa ukali mambo aliyokwisha kuyaweza: kuzaa, kuja kutoka nchi ya mbali iliyokuwa na vita, kujifunza lugha ngeni, kusoma, kupata kazi. Kuendesha gari ni kitu gani mbele ya hayo? Mtu aliyetaka kufa ndiye anayempa mwenzake sababu ya kuendelea. Msaada umegeuza njia, na Ove hajagundua.

Kuna ukurasa mmoja ambamo ucheshi unatulia. Ove yuko kituo cha treni kwa nia yake ileile. Kabla hajafanya lolote, mtu mwingine anazirai na kuanguka relini. Watu wanaduwaa, Ove anashuka na kumwinua. Sasa yuko peke yake pale chini na treni inakuja, jambo alilolitaka. Kisha anaona macho ya dereva, kijana, na anatoka. Mtoto wa mfanyakazi wa reli hawezi kumwachia dereva mzigo huo maisha yake yote. Hata siku aliyoiona ya mwisho, hisia ya wajibu kwa mtu asiyemjua ilikuwa na nguvu kuliko uchungu wake.

Ukombozi wa Ove unakamilika kupitia adui yake. Rune amepoteza kumbukumbu, hasemi tena, na halmashauri imeamua kumtoa mikononi mwa Anita na kumpeleka kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa. Ove anawaita watumishi wa halmashauri watu wa mashati meupe. Aliwahi kupambana na watu wa aina hiyo akiwa kijana, walipotaka nyumba ya baba yake, akashindwa. Alishindwa pia kwa barua zake za ajali ya Hispania. Safari hii hapigani peke yake. Majirani aliowafokea kitabu kizima wanasimama pamoja, kila mmoja na alicho nacho, na ugomvi wa Saab na Volvo unaisha bila mtu kuomba msamaha. Nchi yenye mfumo wa ustawi unaosifiwa duniani inaonyeshwa upande wake wa pili: fomu zote zimejazwa, na mgonjwa hakuulizwa.

Panapopwaya

Riwaya hii ina udhaifu, na anayeipenda hana sababu ya kuuficha. Sonja ni mwema kupita kiasi. Tunamwona kwa macho ya mjane tu, na mjane hakumbuki makosa. Mtu wa shati jeupe ni mwovu mwepesi asiye na nafsi. Backman pia hupenda kumalizia sura kwa sentensi ya kumliza msomaji, na kuna mahali ningependa aniache nilie mwenyewe kwa wakati wangu.

Lakini hesabu yangu ni kwamba kasoro hizo ni bei ndogo. Backman, aliyezaliwa mwaka 1981, aliandika kuhusu mzee bila kumdharau na bila kumpamba. Ove anabaki mkorofi hadi mwisho. Hageuki kuwa babu mpole wa tangazo la biashara. Anachopata ni watu wanaoujua ukorofi wake na bado wanakuja. Anapougua na daktari kueleza kwamba moyo wake umekuwa mkubwa kupita kiasi, Parvaneh anaangua kicheko hadi daktari anashangaa. Mzaha huo ungekuwa rahisi mno mwanzoni mwa kitabu. Kufikia pale, kila mtu mtaani ana ushahidi wa huo moyo.

Dunia ilielewa. Tafsiri ya Kiingereza ya Henning Koch ilitoka mwaka 2013, na kitabu kikaenea taratibu, msomaji mmoja akimwambia mwingine. Filamu ya Kiswidi ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Hannes Holm na kuchezwa na Rolf Lassgård, iliteuliwa kuwania tuzo mbili za Oscar. Mwaka 2022 Marekani ikatengeneza yake, Tom Hanks akiwa Otto, na ugomvi wa Saab na Volvo ukawa wa Chevrolet na Ford. Magari yalibadilika, hodi haikubadilika.

Milango ya mitaa yetu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 727,000 walijiua mwaka 2021, na kiwango cha wanaume ni zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake. Akina Ove ni wengi, na wapo pia kwenye mitaa yetu: mstaafu asiyetoka tena barazani, mjane anayejibu "salama" bila kuinua macho, fundi aliyefunga kibanda chake. Sisi tumezoea kuwakabili kwa mawaidha, au kwa polisi. Nchini Tanzania, Kanuni ya Adhabu inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, sheria tuliyoirithi kwa Waingereza ambao wao wenyewe waliifuta kwao mwaka 1961. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kinakwenda kinyume cha Katiba. Uamuzi huo ni wa utu, nami natamani uvuke mpaka na kuamsha mjadala wa dhati upande huu wa Tanzania. Mtu aliyetaka kufa ana uchungu wa kutosha bila kuongezewa mahabusu.

Riwaya haichukui nafasi ya daktari. Sonona ni ugonjwa, una tiba, na anayesikia moyoni kwamba hataki kuishi amwambie mtu leo na afike kituo cha afya. Hilo lisemwe wazi kwa sababu kuna wasomaji watakaofikiri kwamba bakuli la wali linatosha. Wakati mwingine halitoshi.

Ila daktari huonwa kwa miadi, na jirani yupo usiku na mchana. Backman anatufundisha namna ya kuwa jirani huyo, na somo lake linapingana na desturi yetu ya upole. Tunapomwona mzee amefiwa tunampumzisha: tunamnyang'anya jembe, tunamwambia akae, watoto watafanya. Tunadhani tunamheshimu, kumbe tunamwambia kwamba zamu yake imekwisha. Parvaneh anafanya kinyume. Anamwomba Ove gari, ngazi, mafunzo, muda, ulezi wa watoto. Anamchosha. Kwa kumchosha anamwambia kila siku, bila kulitamka, kwamba mtaa hauwezi kwenda bila yeye.

Kwa hiyo atakayekimaliza kitabu hiki asikirudishe kwenye rafu na kufuta machozi tu. Amtafute yule mtu mgumu wa mtaani kwake, yule ambaye wote wanampita haraka, na ampelekee kazi anayoiweza: pasi iliyokufa, mlango unaokwama, mtoto wa kufundishwa hesabu. Akifukuzwa, arudi kesho.